Hilux LN106 ya 1994: nikikanyaga breki dashibodi inawaka, taa za mbele hafifu. Nimeshabadili betri na globu zote

Mleta uzi (Marangu)

Wakuu, habari za jioni. Nina pikapu, Toyota Hilux LN106 ya 1994, injini 3L ya dizeli. Nabebea ndizi kutoka Marangu kushuka Kiboriloni, na mara moja moja nafika Arusha, soko la Kilombero. Natoka nyumbani saa kumi alfajiri, ukungu bado umelala migombani, na njiani nakutana na akina mama waliojitwika mikungu na watoto wanaowahi shule. Suala la taa silichukulii kirahisi hata kidogo.

Tangu masika yaanze gari lina shida tatu.

Taa za mbele ni hafifu. Dimu (mwanga wa chini) ni kama nimeshika kibatari, fulu (mwanga wa mbali) ina nafuu kidogo.

Taa za nyuma ndizo zinanichanganya kabisa. Mchana, taa zote zikiwa zimezimwa, nikikanyaga breki mwanga wa dashibodi unawaka kwa mbali na kamshale ka indiketa ya kulia kanawaka hafifu. Usiku nikiwa nimewasha parking (taa ndogo), nikikanyaga breki taa ya kulia inafifia badala ya kuongezeka. Wiki iliyopita pale Himo nilifunga breki, bodaboda aliyekuwa nyuma yangu akaja kusimama mkono mmoja kutoka kwenye bodi. Akaniambia, "Mzee, taa yako imezima ulipofunga breki." Nilishuka miguu inatetemeka.

La tatu, fyuzi ya parking inakatika, hasa nikiwa na mzigo kwenye barabara mbaya.

Fundi wa kwanza alisema betri imechoka, nikanunua N70 mpya. Wa pili akabadili globu zote. Wa tatu anataka kufumua nyaya zote za gari, na pesa hiyo sina. Naombeni msaada.

Mdau (Boma Ng'ombe)

Pole mkuu. Mimi ningeangalia altaneta. Taa kufifia mara nyingi altaneta haichaji.

Mdau (Sakina, Arusha)

Weka globu za LED mbele na nyuma, shida yote inaisha. Mimi nimeweka, usiku ni kama mchana.

Fundi umeme (Unga Limited, Arusha)

Mkuu, kwanza usinunue kitu kingine chochote. Dalili uliyoeleza, breki kuwasha dashibodi, haina uhusiano na betri wala altaneta, na globu umeshabadili zote. Na LED ukiziweka kwenye hali hiyo zitakuchanganya zaidi.

Naomba unijibu jambo moja: bodi la nyuma ni lile la chuma lililokuja na gari, au ni la mbao?

Mleta uzi (Marangu)

Ni la mbao kaka. Lile la chuma lilikuwa limeoza, aliyeniuzia akatengenezesha la mninga. Taa zimefungwa kwa skrubu kwenye ubao wa nyuma.

Fundi umeme (Unga Limited, Arusha)

Basi tumeshafika karibu. Ngoja nieleze taratibu, kwa sababu pikapu za aina hii napokea nyingi, na wenyewe wanakuja wameshamaliza pesa kwenye globu.

Umeme ukitoka chanya ya betri ukafika kwenye globu, lazima urudi kwenye hasi. Kwenye gari hakuna waya wa kurudi mpaka kwenye betri kwa kila taa. Unarudia kwenye chuma, yaani bodi na chesisi, ndiyo tunaita athi. Bodi la chuma likiwa limefungwa vizuri, taa inapata athi kupitia boliti zake. Ubao haupitishi umeme. Kwa hiyo aliyefunga taa kwenye mbao analazimika kuvuta waya wa athi kutoka kwenye taa mpaka kwenye chesisi. Wengine huvuta kawaya kembamba wakakafunga kwenye boliti yenye kutu na rangi. Wakati wa kiangazi kanafanya kazi. Masika yakija, tope na samadi vikaingia, athi inakufa.

Sasa umeme wa breki umefika kwenye globu, njia ya kurudi imeziba. Umeme haukati tamaa, unatafuta njia nyingine. Ndani ya globu yenye nyuzi mbili, wa breki wa wati 21 na wa parking wa wati 5, nyuzi hizo zinashirikiana athi. Ikikosekana, umeme wa breki unarudi kinyume kupitia uzi wa parking, unapanda kwenye waya wa parking, unakwenda mpaka mbele na kwenye taa za dashibodi, ambako unapata athi nzuri. Ndiyo maana dashibodi inawaka. Na kwa kuwa indiketa ya kulia nayo inatumia athi ileile, sehemu ya umeme inapita kwenye globu yake kinyumenyume mpaka kwenye kamshale.

Usiku ukiwa umewasha parking, uzi wa parking una umeme upande mmoja na uzi wa breki una umeme upande mwingine, wote wanasukumana, hakuna anayerudi. Taa inafifia. Bodaboda alikwambia ukweli.

Una mita ya kupimia umeme? Hata ile ya bei ndogo inatosha.

Mleta uzi (Marangu)

Nitaazima kwa kijana anayetengeneza redio hapa jirani. Nipime vipi?

Fundi umeme (Unga Limited, Arusha)

Weka kwenye volti za DC, 20. Washa parking, mtu akanyage breki. Taa lazima ziwe zimewaka, maana athi mbovu isiyobeba mzigo inaonekana nzima. Ukipima taa zikiwa zimezimwa utadanganyika. Ncha moja ya mita iguse hasi ya betri, vuta waya mrefu mpaka nyuma. Ncha nyingine iguse chuma cha kishikio cha globu, pale athi inapoanzia. Athi nzuri itasoma chini ya 0.2V. Andika namba za kushoto na kulia, ulete hapa.

Mzee dereva mstaafu (Moshi)

Wanangu, fundi amesema kweli. Nimeendesha malori na pikapu za mazao miaka mingi, na nyaya za nyuma ndizo zilizonilaza njiani mara nyingi kuliko injini. Samadi ikikauka juu ya kiungo cha waya inakula shaba mpaka inakuwa unga wa kijani. Mleta uzi, ukishamaliza kupima chungulia pia nyaya zinapopita juu ya tairi la akiba. Mzigo ukikaa, spring zinashuka, waya unasagika kwenye chesisi. Fyuzi yako inakatikia hapo.

Mleta uzi (Marangu)

Shikamoo mzee, asante sana. Nitaangalia.

Majibu ya mita: kushoto 0.9V, kulia 5.2V.

Nilipofungua nikakuta kawaya cheusi kembamba kimetoka taa ya kushoto kwenda kwenye boliti ya bodi, na kingine kimeunganishwa kutoka kushoto kwenda kulia kwa kusokotwa tu na kufunikwa na nailoni. Ule msokoto umekuwa wa kijani kama mzee alivyosema. Boliti yenyewe imepita kwenye mbao, inagusa chesisi kwa pembeni.

Fundi umeme (Unga Limited, Arusha)

5.2V! Maana yake karibu nusu ya nguvu ya betri ilikuwa inapotelea kwenye huo msokoto na hiyo boliti. Hata ungenunua gunia zima la globu, zisingesaidia.

Fanya hivi. Nunua waya mweusi wa 2.5 mm². Kila taa ipewe waya wake mpaka kwenye chesisi, usiziunganishe moja kupitia nyingine. Kwa nyaya za asili za Toyota, athi ni waya mweupe wenye mstari mweusi. Ukiukuta huko nyuma bado mzima, uunganishe nao pia. Kwenye chesisi toboa au tumia tundu lililopo, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga kichwa cha duara kwa boliti na washa yenye meno, kisha paka grisi juu ili maji yasifike. Viungo vyote vilehemiwe kwa risasi au vibanwe kwa vibanio, halafu tepu.

Halafu rudi mbele uangalie waya mnene unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini. Mara nyingi hapo pia kuna kutu.

Mama mfugaji (Tengeru)

Nafuatilia uzi huu. Nami naomba kuuliza, samahani mleta uzi kwa kuingilia. Pikapu yangu niliweka LED kwenye indiketa za nyuma, sasa zinapiga haraka haraka mno. Flasha, kile kidude kinachowasha na kuzima indiketa, imekufa?

Fundi umeme (Unga Limited, Arusha)

Dada, flasha haijafa. Flasha za zamani zinapima umeme unaopita. Globu ya kawaida ni wati 21, LED inakula kidogo sana, flasha inadhani globu imeungua na inakupa taarifa kwa kupiga haraka. Weka flasha ya LED au rudisha globu za kawaida. Mimi nakushauri globu za kawaida, kwa sababu siku ikiungua kweli, flasha itakujulisha.

Mama mfugaji (Tengeru)

Nimekuelewa, asante. Nitarudisha za kawaida.

Mdau (Sakina, Arusha)

Fundi, kwa nini unazikataa LED mbele? Zinaangaza jamani.

Fundi umeme (Unga Limited, Arusha)

Kaka, nikueleze kwa moyo wangu wote. Kioo cha taa ya Hilux ya zamani kimechorwa kwa ajili ya uzi mwembamba wa globu ya H4 (ile ya pini tatu, yenye dimu na fulu ndani yake) uliokaa sehemu moja maalum. LED nyingi za kuchomeka hazitoi mwanga kutoka sehemu hiyohiyo, kwa hiyo mwanga unatawanyika juu. Wewe unaona ukuta mweupe mbele yako, anayekuja upande wa pili haoni kitu. Barabara ya Arusha kwenda Moshi usiku, pale Kikatiti, kuna waenda kwa miguu na mifugo pembeni. Dereva aliyepofushwa na wewe ndiye atakayewagonga.

Na zile globu za wati 100 usijaribu. Fulu mbili ni wati 200, zaidi ya ampia 16 kwenye soketi na swichi zilizotengenezwa kwa ajili ya ampia 10. Nimeshatoa soketi zilizoyeyuka zikagandamana na globu.

Mleta uzi (Marangu)

Wakuu, athi ya nyuma tayari. Nimepima tena: kushoto 0.08V, kulia 0.09V. Nikikanyaga breki dashibodi kimya, kamshale kimya, taa ya kulia inawaka nyekundu kama makaa. Mke wangu alisimama nyuma akaniambia, "Sasa naona unasimama." Nimefurahi kuliko siku niliyolinunua gari.

Sasa fyuzi na taa za mbele.

Fundi umeme (Unga Limited, Arusha)

Hongera sana mkuu!

Fyuzi kwanza. Usiweke fyuzi kubwa zaidi, na usifunge karatasi ya sigara. Kama kisanduku kinasema 15A, ile ya bluu, ni 15A. Fyuzi inakatika ili waya usiungue ndani ya bodi la mbao lenye majani makavu ya migomba.

Chukua globu ya wati 21 na kishikio chake, ipe nyaya mbili fupi, uzichomeke mahali pa fyuzi. Toa globu zote za parking, mbele na nyuma na ya namba, kisha washa swichi ya parking. Kama hakuna shoti, globu yako haitawaka sana, taa ndogo za dashibodi tu ndizo zinavuta. Ikiwaka kwa nguvu zote, kuna waya unagusa chuma. Na kwa kuwa globu inazuia umeme usizidi, huunguzi kitu. Sasa lala chini ya gari, tikisa nyaya polepole kuanzia kwenye kabini kwenda nyuma. Pale globu itakapofifia ghafla au kuwaka ghafla, hapo ndipo penye ugonjwa. Kama shoti inakuja na mzigo, pakia mikungu kwanza.

Mleta uzi (Marangu)

Mzee wa Moshi, Mungu akubariki. Nilipakia mikungu 20, nikawasha, globu ikawaka kama taa ya ukumbini. Nilipogusa nyaya juu ya tairi la akiba ikafifia. Waya umechubuka urefu wa kidole, shaba inaonekana, na chesisi imeng'aa mahali uliposagika. Nimelehemu, nimefunga tepu, nimeuvalisha kipande cha mpira wa maji na kuufunga juu zaidi usiguse tena.

Mzee dereva mstaafu (Moshi)

Amina mwanangu. Pia huku mlimani funga taa ya namba vizuri, wanaisahau wote.

Fundi umeme (Unga Limited, Arusha)

Taa za mbele sasa. Hapa mafundi wengi wanapotea, naomba wanaosoma uzi huu wapasome mara mbili.

Toyota nyingi za miaka hiyo, chanya inakuja kwenye pini ya pamoja ya globu ya H4, na swichi ya dimu na fulu iliyo kwenye mkono wa stelingi inaunganisha upande wa hasi. Fundi aliyezoea magari mengine anabana testa yake kwenye bodi, anagusa pini zote tatu globu ikiwa ndani, anakuta zote zina moto. Anasema "nyaya zimeingiliana, tufumue". Hazijaingiliana. Umeme umepita kwenye uzi wa globu na unasubiri swichi iupe njia ya kurudi. Nadhani ndicho alichokiona yule fundi wako wa tatu.

Dimu mbili ni wati 110, zaidi ya ampia 9 kwa volti 12. Zote zinarudi kupitia visahani vidogo vya shaba ndani ya swichi ya miaka 30 hivi. Visahani vikiungua na kuwa vyeusi, volti zinabaki humo. Dimu ndiyo inayotumika zaidi, ndiyo inayochoka kwanza. Hilo linaendana na ulivyosema kwamba fulu ina nafuu.

Pima injini ikiwa inaunguruma, dimu imewashwa, soketi ikiwa mahali pake, ncha za mita ziingie kwa nyuma ya soketi. Chukua namba nne: betri yenyewe; kati ya pini ya pamoja na pini ya dimu; kati ya chanya ya betri na pini ya pamoja; kati ya pini ya dimu na hasi ya betri.

Mleta uzi (Marangu)

Betri 13.9V. Kwenye globu 10.6V. Upande wa chanya 0.8V. Upande wa hasi 2.5V.

Fundi umeme (Unga Limited, Arusha)

Jumlisha mwenyewe: 10.6 na 0.8 na 2.5 ni 13.9. Hakuna volti iliyopotea bila kujulikana ilipo, na iliyo nyingi iko kwenye swichi. Betri na altaneta ni wazima, yule wa kwanza alikununulisha N70 bila sababu.

Ujue pia kwamba mwanga wa globu ya uzi haupungui sawasawa na volti, unaporomoka. Volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga unashuka kwa karibu asilimia 30. Kwa 10.6V ulikuwa unaendesha na chini ya nusu ya mwanga wako.

Unaweza kubadili swichi, lakini mimi naweka relei mbili (swichi zinazoendeshwa na umeme mdogo) za 12V 30A karibu na taa. Soketi moja ya zamani itumike kuamrisha: waya wa pini ya pamoja uende kwenye pini namba 86 za relei zote mbili, waya wa dimu kwenye 85 ya relei ya kwanza, wa fulu kwenye 85 ya relei ya pili. Namba 30 zitoke chanya ya betri, kila moja na fyuzi yake ya 15A iliyo karibu na betri. Namba 87 ya kwanza iende dimu za taa zote mbili, ya pili iende fulu. Pini ya pamoja ya globu sasa inakwenda athi, waya 2.5 mm², chuma kilichokwanguliwa. Nunua soketi mpya za kauri. Kama relei ina dayodi ndani, usigeuze 85 na 86. Soketi ya zamani iliyobaki ifungwe tepu.

Kuanzia hapo swichi yako ya stelingi inabeba umeme mdogo tu wa koili za relei, itadumu.

Mdau (Boma Ng'ombe)

Nilikosea kuhusu altaneta, nimejifunza. Nina Hilux kama hiyo, Jumamosi napima ya kwangu.

Mzee dereva mstaafu (Moshi)

Ukimaliza, usilenge taa gari likiwa tupu. Ndizi zikipanda nyuma, pua inainuka na dimu yako inawapiga watu machoni. Lipakie, lisimamishe mahali tambarare mita 10 kutoka ukutani, mstari wa juu wa mwanga wa dimu uwe sentimita 10 chini ya kimo cha taa.

Mleta uzi (Marangu)

Relei zimefungwa jana kutwa, mimi na yule kijana wa redio. Betri 14.0V, kwenye globu 13.5V, globu zilezile za 60/55W. Usiku tumepakia, tumeenda kwenye ukuta wa shule, tumelenga kama mzee alivyoagiza. Upande wa kulia ulikuwa juu kwa zaidi ya sentimita 25. Nimewaza wale wote waliokuwa wakinimulika kwa hasira kwenye ile barabara ya Himo, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nawaumiza. Nawaomba radhi kama wapo humu.

Leo alfajiri nimeshuka na mvua ikinyesha. Pale kwenye kona ya chini nimewaona watoto watatu wenye mwavuli mmoja nikiwa bado mbali nao, nikapunguza mwendo mapema. Fyuzi haijakatika. Fundi, nikija Kilombero wiki ijayo nitapita Unga Limited na mkungu wa mshare, nielekeze tu pa kukupata.

Fundi umeme (Unga Limited, Arusha)

Karibu sana mkuu. Nimekutumia ujumbe wa ndani. Njoo na mita, tupime na waya wa hasi unaokwenda kwenye injini, huo hukunijibu.